Mama mkubwa amerudishwa mpakani kwa kadi ya homa ya manjano ambayo haijaisha muda

Ndugu zangu, tumemzika mama hapa Moshi Alhamisi bila dada yake kuwepo, na nimeshindwa kulinyamazia jambo hili. Mama mkubwa ana miaka 71, aliolewa Kenya na ni raia wa huko. Jumatano asubuhi nilimfuata mpakani (sitautaja ni upi), pasi yake ikiwa hai, lakini hakufika hata kwenye dirisha la uhamiaji, kwa kuwa mhudumu wa dawati la afya alimzuia akisema kadi yake ya njano imekwisha tangu 2023.

Kadi yenyewe huitunza kwenye kifuko cha nailoni. Imechanika kwenye mkunjo, ila mhuri na tarehe ya chanjo ya Machi 2013 vinasomeka vizuri. Mhudumu aliweka kidole juu ya ule mwaka wa mwisho ulioandikwa kwa kalamu na hakutaka kusikia lingine.

Sipingi kadi kudaiwa, maana Kenya imo katika nchi zenye hatari ya homa ya manjano. Ninachopinga ni afisa wa afya kutojua kwamba tangu tarehe 11 Julai 2016, kwa mujibu wa Nyongeza ya 7 ya Kanuni za Afya za Kimataifa, cheti cha chanjo hiyo ni cha maisha yote ya mwenye nacho, pamoja na vile vya zamani vilivyoandikwa miaka 10, wala hakihitaji kubadilishwa. Nilimsomea hayo kwenye simu. Alinijibu kwamba yeye anafuata kilichoandikwa kwenye kadi, na kwamba bibi huyu akachanjwe upya au arudi alikotoka. Kuchanja upya mtu wa miaka 71, ilhali kwa waliopita miaka 60 chanjo hiyo hutolewa kwa tahadhari!

Nilipoomba sababu za kumkataa kwa maandishi, nilinyimwa. Mama mkubwa alikunja kadi yake, akanikabidhi kanga aliyokuwa amemletea marehemu, akapanda gari la kurudi.

Kwa mwenye kufahamu: malalamiko ya namna hii hupelekwa kwa nani, na je, afisa ana haki ya kumrudisha msafiri bila kumpa hata karatasi moja? Nataka jibu la maandishi, na nataka mama mkubwa aombwe radhi kabla ya arobaini, ambayo ni lazima aje.