Spea za mtumba za injini zipigwe marufuku? Nasema hapana, ila muuzaji alazimishwe kuandika anachouza

Mkazi wa Makorora (mleta mada):

Salaam wakuu.

Hoja hii imeshika moto vijiweni hapa Tanga, toka Ngamiani hadi Kange. Kundi moja linataka serikali ipige marufuku spea zote za injini za mtumba, kwa madai kwamba ndizo zinazoua magari na kulaza abiria njiani. Kundi la pili linasema uchafu wenyewe ni spea mpya za bei nafuu, na mtumba wa Japani unaishinda mpya yoyote iliyopo dukani.

Gari langu nalitengeneza mwenyewe nyumbani: oili, plagi, mikanda, rejeta, hata hedi (kile kifuniko kizito cha juu cha injini) nimeshafungua. Kwa hiyo hili linanigusa mfukoni moja kwa moja. Ninavyoona, kinachotumaliza ni kulipia kitu bila kujua ni kitu gani. Muuzaji alazimishwe kuandika kwenye risiti kama spea ni mtumba, mpya ya kampuni nyingine, au halisi ya kampuni ya gari, na namba yake pembeni. Hilo likifanyika, mwenye hela kidogo atachagua akijua anachokichagua.

Marufuku ya jumla siiungi mkono kwa sababu ya chuma. Kule Japani gari la binafsi likinunuliwa jipya hukaguliwa baada ya miaka 3, halafu kila miaka 2, na ukaguzi ule una gharama. Wengi huona heri kuliachia gari kuliko kulilipia tena, ndiyo maana injini nyingi zinazoshushwa kwenye makontena zina maisha mbele yake. Silinda hedi, krenki (shafti inayozungushwa na pistoni), manifoldi, kava la taimingi, hivi haviozi kwa kukaa stoo. Tena vinapimika. Hedi ya mtumba isafishe uso wake mpaka chuma king'ae, laza juu yake rula ya chuma iliyonyooka, kwa urefu, kwa upana, na kwa mshazari kutoka kona hadi kona, halafu jaribu kupitisha fila geji (kibati chembamba cha kupimia mwanya) ya milimita 0.05 chini ya rula. Kwa injini ya 1NZ, ile ya IST na Probox, kikomo cha Toyota upande unaokaa kwenye bloku, yaani mwili wa injini, ni hiyo hiyo 0.05. Fila geji ikipenya, hedi imepinda. Ama ikasawazishwe mashineni, ama umwachie mwenyewe. Hedi mpya ya kiwandani wangapi tunaimudu? Ukipiga marufuku mtumba hapo, umeamua gari la mtu likae juu ya mawe.

Upande wa pili kuna vitu sivigusi mtumba hata kwa bure: mkanda wa taimingi (unaozungusha vali sambamba na krenki), gasketi ya hedi, sili za oili, pampu ya maji. Mpira unachoka kwa joto na kwa oili, na uchovu wake jicho halioni mpaka siku unakatika. Chukua Noah ya zamani yenye injini ya 3S. Pampu yake ya maji inazungushwa na mkanda wa taimingi wenyewe. Beringi ya pampu ikikwama, mkanda unaondoka nayo. Ukibana hela kwenye pampu, umeuweka mkanda rehani.

Na kati ya mtumba na boksi la Toyota kuna njia ambayo watu wengi wanaipita bila kuiona. Toyota haitengenezi kila kitu chake. Pampu nyingi za maji za magari yake hutengenezwa na Aisin, plagi hutoka Denso na NGK, na kampuni hizo hizo huuza kwa boksi lao kwa bei ya chini. Kwa mtu anayejifungia mwenyewe, hapo ndipo hela inapookolewa bila kuhatarisha injini. Jifunze kusoma namba. Tarakimu tano za mwanzo kwenye namba ya Toyota zinakuambia aina ya kifaa: 90915 ni filta ya oili, 90919 ni plagi na koili, 16100 ni pampu ya maji, 11115 ni gasketi ya hedi. Zinazofuata ndizo zinazosema ni ya injini gani. Nenda dukani na namba ya spea uliyoitafuta kwa namba ya chesisi ya gari lako. Ukisema tu "nipe plagi ya IST", utapewa iliyopo.

Feki nazo zipo, na kwenye plagi ndiyo zimejaa. Plagi yenye 11 mwishoni mwa namba, kama zile za NGK na Denso, inatakiwa iwe na mwanya wa milimita 1.1 pale kwenye ncha inaporuka cheche. Pima tatu nne za boksi moja. Ukikuta kila moja na lake, maandishi yanafutika kwa kidole, nyuzi za kufungia zina makovu, rudisha zote. Nazungumzia vitu vya kushika mkononi hapo hapo kaunta, kabla hujatoa hela.

Sasa wengine watasema sheria ipo. Ni kweli ipo. Sheria ya Ushindani ya 2003 inakataza kumpotosha mnunuzi, na Tume ya Ushindani (FCC) ndiyo inayoshughulika na bidhaa bandia. TBS, Shirika la Viwango, nao wana viwango vyao. Lakini tazama risiti yako ya mwisho ya mashine. Nyingi zimeandikwa "spea" na kiasi cha hela, basi. Ukienda kulalamika kwamba uliuziwa mtumba uliooshwa kwa petroli na kupuliziwa rangi ya fedha, utaonyesha nini? Muuzaji atasema ulijua. Huna ushahidi. Ndiyo maana nang'ang'ania maandishi.

Nawasilisha. Mwenye hoja ya kupinga aje nayo.

Dereva wa Mlimani:

Mkuu, mtumba nakuunga mkono mia kwa mia. Mimi natembea Mombo–Lushoto na Noah ya 3S, na hiyo injini iliyopo sasa ni ya mtumba, haijawahi kunilaza Soni. Wanaosema ipigwe marufuku hawajawahi kudaiwa hesabu na tajiri jioni.

Ila kwenye hii habari ya boksi la kampuni nyingine niwe mkweli: nilifunga pampu mpya yenye jina kubwa, haikumaliza hata mwaka. Ilikuwa feki. Kwa hiyo jina nalo si dawa. Na kuna jambo linanisumbua mpaka leo. Gari ilianza kuchemsha kwenye kona za mlima, fundi akatoa themostati, kile kidude kinachofungulia maji ya injini yaende kwenye rejeta yakipata moto, akasema nchi ya joto haihitaji. Bado inachemsha nikipanda na abiria. Rejeta imesafishwa. Wenye ujuzi mnasemaje?

Fundi wa Mikanjuni:

Wanangu, asalaam aleikum. Nimeanza kufunga injini enzi za Corolla za KE, kwa hiyo nizungumze kidogo.

Themostati tunazitoa, na msitulaumu bure. Zinazoletwa madukani sasa, nyingi zinakwama zikiwa zimefunga. Mteja anaondoka gereji saa nne, saa sita hedi imepinda, na lawama ni za fundi. Ukishapata kesi za namna hiyo, unaona heri gari itembee baridi kuliko iungue. Kama spea ingekuwa ya kuaminika, hakuna fundi angependa kutoa kitu alichoweka mtengenezaji.

Kuhusu risiti, mimi naona mleta mada anamwonea mwenye duka. Muulizeni na yeye kauziwa na nani.

Mkazi wa Makorora:

Shikamoo mzee wangu. Sababu yako naielewa, na inathibitisha ninachosema: fundi anaharibu mpangilio wa injini kwa sababu haamini kilichopo dukani.

Lakini kwa 3S kuitoa ni hatari, na nadhani ndilo jibu la ndugu yetu wa Lushoto. Themostati ya injini ile ina kazi mbili. Ikifunguka upande wa rejeta, mguu wake wa chini unaziba njia ya mkato ambayo maji hupita bila kwenda kupozwa. Ukiitoa, njia ya mkato inabaki wazi muda wote, sehemu ya maji inazunguka ndani ya injini bila kuiona rejeta. Kwenye tambarare ya Muheza hutajua. Kwenye mlima na abiria wamejaa utajua. Na pale inapotembea baridi, kompyuta inadhani gari ndiyo kwanza limewashwa, inaongeza petroli.

Ya kununua iwe mpya, na ijaribiwe kabla haijafungwa. Ifunge kwa uzi, itumbukize kwenye sufuria ya maji isiguse chini, weka jikoni. Nyingi za Toyota huanza kufunguka kwenye nyuzi 80 hadi 84, yaani kabla maji hayajatokota. Utaiona kabisa sahani yake ikinyanyuka polepole. Maji yanatokota na yenyewe imenyamaza, hiyo ni mbovu, iwe imeandikwa jina gani. Kisha iache ipoe uone kama inafunga sawasawa.

Binti Muheza:

Kaka yangu wa Makorora, unaandika vizuri lakini unawaandikia watu kama wewe. Fila geji anayo nani? Rula ya chuma iliyonyooka anayo nani? Huku kwetu mtu ana kirikuu chake (pikapu ndogo) cha kubebea machungwa, kikizima anaita fundi, fundi anakwenda kununua, anarudi na kitu kimefungwa kwenye gazeti. Mwenye gari hata risiti haioni. Sasa hiyo risiti yako iandikwe "mtumba" kwa herufi za dhahabu, itamsaidia nini?

Marufuku inamlinda asiyejua kupima. Ndiyo kazi ya serikali, kumlinda asiyejua. Anayejua anajilinda mwenyewe. Na mnasahau jambo lingine: tunapokea takataka za wenzetu. Nusu ya hizo injini zinaishia kwenye skrepa, na oili yake inamwagwa mtaroni. Tembeeni nyuma ya gereji bubu yoyote mkaone ardhi ilivyo nyeusi.

Mwenye Duka, Ngamiani:

Mimi nauza vyote, mtumba na mpya, na niseme ukweli wa kaunta.

Kwanza, nikiandika "mtumba" kwenye risiti na jirani yangu haandiki, mteja anahamia kwa jirani, kwa sababu yeye kamwambia ni "orijino". Pili, mimi mwenyewe wakati mwingine sijui. Boksi linakuja limefungwa kutoka kwa mtu wa jumla wa Kariakoo, naye kanunua kwa mwenye kontena. Nitaandikaje "halisi" niweke saini yangu? Tatu, kurudisha. Watu wanafunga koili kwenye gari yenye shoti, inaungua, wanarudi nayo wakisema nimewauzia mbovu. Vifaa vya umeme mimi sirudishi, nimeandika ukutani.

Mzee wa Mikanjuni kasema kweli. Mnaanzia kwa mtu wa mwisho kwenye foleni.

Dereva wa Mlimani:

Mkuu wa Makorora, hiyo ya njia ya mkato hakuna aliyewahi kunieleza. Jumamosi nanunua themostati, nitaijaribu kwenye sufuria kabla fundi hajaigusa.

Mkazi wa Makorora:

Nijibu wawili.

Dada wa Muheza, hoja yako ndiyo nzito kuliko zote hapa. Kwa spea za mpira na zinazozunguka kwa beringi, yaani mikanda, sili na pampu za maji, sina ubishi nawe: mtumba wake usiuzwe kabisa. Hakuna anayeweza kuupima, si mimi si fundi, na bei ya mpya inafikika. Tunapoachana ni kwenye chuma. Ukimzuia mwenye kirikuu asinunue hedi ya mtumba, atanunua mpya ya bei ya kutupa iliyomwagwa vibaya kiwandani, au atakaa bila kazi. Na hilo la fundi kurudi na kitu kwenye gazeti linatibika leo bila kusubiri Bunge: mwenye gari adai spea ya zamani irudi mkononi mwake pamoja na boksi la mpya. Fundi mwaminifu hatakasirika. Kuhusu oili mtaroni, umesema kweli tupu, na hilo linafanyika hata kwenye gereji zinazofunga spea mpya.

Mwenye duka, nakubali isianzie kwako. Ianzie bandarini na kwa mwenye kontena: yeye ndiye anayejua alichopakia, yeye aandike wa kwanza, kisha kila anayeuza achukue maneno yale yale kutoka kwenye risiti aliyopewa. Usichopewa kwa maandishi, andika "haijulikani". Mteja akiona neno hilo, atajua alipe kiasi gani. Na maduka yote yakibanwa kwa siku moja, jirani yako hatakuwa na pa kumkimbizia mteja. Koili sikulaumu. Ila hedi na krenki, weka alama ya rangi yako, mpe mtu siku tatu akapime. Utapoteza nini?

Mwenye Duka, Ngamiani:

Siku tatu kwa hedi naweza, ila kabla haijafungwa. Ikishaguswa na gasketi, si yangu tena. Na hiyo ya "haijulikani" sitaiandika peke yangu. Tuitane wenye maduka wa Ngamiani tukubaliane wote, nitakuwa wa kwanza kusaini.

Binti Muheza:

Basi muitane kabla ya msimu wa machungwa.