Fildi NGO ya vijana, wiki ya tatu kazi yangu kupitisha karatasi ya mahudhurio

dogo_wa_zakhem: Wakuu habari za jioni. Nasoma ustawi wa jamii mwaka wa pili, nimepata fildi, yaani mafunzo kwa vitendo, NGO moja ya vijana huku Mbagala, jina naliweka kapuni. Wiki ya tatu inaisha, kazi zangu ni kutoa kopi, kufuata maji ya wageni dukani na kwenye semina napitisha karatasi watu wasaini wapewe nauli. Supavaiza wa chuo anakuja Alhamisi na logibuku yangu, daftari la kazi za kila siku, siku nne mfululizo imeandikwa "nilishiriki warsha", mpaka mi mwenyewe naona aibu. Hela ya Bodi ya Mikopo nayo bado. Nihame au nikomae?

juma_kalamu: Hahaha mi yangu iliandikwa "nilisaidia shughuli za ofisi" kuanzia siku ya kwanza, supavaiza akauliza shughuli gani, nikasema kufagia 😂 C yangu ninayo hadi leo.

mama_ripoti: Mdogo wangu usihame, barua mpya mpaka igongwe mhuri wiki imeisha. Halafu hiyo karatasi unayoidharau ndo wafadhili wanayoanza kuiulizia. Omba za semina zote zilizopita uzilinganishe, nani kasaini zote, nani kaja mara moja akapotea, wana miaka mingapi. Sera ya vijana ya 2007 inasema kijana ni miaka 15 mpaka 35, we angalia wa chini ya 20 wako wangapi humo, mara nyingi ukumbi umejaa wazee wa ndevu wanaofata nauli na soda. Andika hayo, ila majina ya watu logibuku usiweke.

kata_kwa_kata: Uliza pia kama kuna vikundi vinaomba ule mkopo wa halmashauri, asilimia 10 ya mapato ya ndani, 4 wanawake, 4 vijana, 2 wenye ulemavu. Vijana wengi wanakwama kwenye katiba ya kikundi tu, kaa nao muandike, nenda nao mpaka kwa afisa maendeleo wa kata, hapo hutokosa cha kuandika.

dogo_wa_zakhem: Nimerudi. Leo nimekaa nazo karatasi, semina tatu, watu 11 ni walewale zote. Ila kilichonishtua mabinti, ya kwanza walikuwa 9, ya tatu wamebaki 2. Mmoja anakaa mtaani kwetu nikamfata nikamuuliza, akasema semina mnaweka saa tisa na saa hizo yuko na mama yake wanakanda ngano za chapati za jioni, aache biashara aje asikilize ujasiriamali?? Nikamwambia mratibu, kaniangalia weee, akasema kesho nimletee ukurasa mmoja. Sasa ukurasa wa hivyo unaanzia wapi jamani?

mama_ripoti: Anza na huyo binti wa chapati. Hao 9 na 2 wafuate chini yake. Na usiandike "warsha".