Naomba ushauri: kuongeza RAM kwenye laptopu ambayo bado ina waranti
Habari zenu wakuu. Nina laptopu niliyoinunua Kariakoo miezi mitano iliyopita, waranti yake ni mwaka mmoja. Ina RAM (kumbukumbu ya muda ya kompyuta) ya GB 8, aina ya DDR4 yenye kasi ya 3200, kijiti kimoja. Nafasi ya pili iko wazi. Nachora ramani za nyumba, na nikifungua mchoro mkubwa inaganda mpaka kishale cha mausi kinasimama.

Fundi mmoja alitaka kunipa kijiti cha DDR3, aina ya zamani, kwa bei rahisi. Nilikataa, maana pengo la kwenye meno ya kijiti hicho liko sehemu tofauti na la DDR4, hata kuingia hakiingii. Kingine alichonacho ni DDR4 ya 2666. Najua nikikiweka pamoja na changu, vyote viwili vitafanya kazi kwa kasi hiyo ya chini. Kuna aliyechanganya hivyo na mashine ikatulia?

Kinachoniumiza kichwa zaidi ni waranti. Skrubu moja ya mfuniko wa chini imebandikwa stika ndogo nyeupe: ikichanika, waranti imekufa. Lakini kitabu cha laptopu hiyohiyo kinamwelekeza mtumiaji kuongeza RAM mwenyewe! Nishike lipi? Niwapelekee waliouza wafungue wao, au niombe kwanza ruhusa ya maandishi? Hela ya kununua nyingine sina, na kazi za watu zinanisubiri.