Kuokoa sehemu za kijani zinazofikika kwa watu wenye ulemavu Nairobi: tupeane uzoefu

Jirani wa Msitu
Wadau, habari zenu. Uzi huu ni wa wale wanaopigania bustani na misitu ambamo mtu wa kiti cha magurudumu, asiyeona, au mtoto mwenye usonji anaweza kuingia na kupumzika bila kubebwa mgongoni. Sehemu hizo ni chache, na zikinyemelewa huondoka kimyakimya: leo ubao, kesho mabati, kesho kutwa tingatinga. Naomba tuache hadithi za nani alilia wapi. Leteni kinachofanya kazi: karatasi gani, kwa nani, ndani ya siku ngapi, na kinachoharibika ni nini.

Naanza na hili kwa sababu linaangusha wengi. Sehemu inayofikika ni ile tambarare, iliyo karibu na barabara, ambapo gari linaweza kushusha mtu. Mjenzi naye anaitaka hiyohiyo. Akibanwa atakuja na suluhu ya heshima: "Nipeni ekari mbili za mbele, msitu wote wa nyuma ubaki wenu." Kwenye ramani unaonekana ushindi. Ukifika uwanjani, nyuma ni mteremko wa kwenda mtoni na hakuna kiti kitakachoshuka huko. Kwa hiyo kabla ya kikao chochote, pimeni.

Fundi wa Njia
Naunga mkono, na kupima hakuhitaji sorveya. Chukua pimamaji ya sentimita 120 na tepu. Laza pimamaji juu ya njia kufuata mteremko, inua ncha ya chini mpaka povu litulie katikati, kisha pima pengo kati ya ncha hiyo na ardhi. Pengo la sentimita 6 ni 1 kwa 20, yaani njia inapanda sentimita 1 kwa kila sentimita 20 za mwendo: mtu mwenye mikono mizima anajisukuma mwenyewe. Sentimita 10 ni 1 kwa 12, na huo ndio mwisho wa rampu. Hata hapo panatakiwa kituo bapa cha mita 1.5 kila baada ya mita 9 hivi. Pengo likizidi hapo lazima awepo msukumaji, na msukumaji akiteleza wanakwenda wote wawili. Rudia kila mita 10, na kila mahali njia inapobadilika sura.

Geuza pimamaji ikate njia, upime na mwinamo wa pembeni. Ukizidi sentimita 2.4, yaani 1 kwa 50, kiti kinavutwa upande wa bonde muda wote na mkono mmoja unachoka kabla ya mwenzake. Hili hata wahandisi hulisahau.

Lango liwe na upana wazi wa sentimita 90. Pima kutoka kwenye mlango uliofunguliwa hadi mwimo wa pili, si fremu kwa fremu. Chooni tafuta duara la sentimita 150 lisilo na pipa wala ndoo. Njia sentimita 120 kwa kiti kimoja, 180 kama viti viwili vitapishana. Andika namba zote kwenye mchoro mmoja, na pembeni yake uandike za hiyo sehemu "mbadala" mnayoahidiwa. Mchoro huo unajibu "tutawatafutia pengine" vizuri kuliko hotuba.

Na udongo jamani! Pande za msitu wa Karura ni udongo mwekundu. Ukishindiliwa vizuri na kuwekewa mitaro, unavumilia. Pande za Embakasi ni udongo mweusi unaovimba ukilowa na kupasuka ukikauka. Njia ya muramu iliyomwagwa juu yake bila kuuchimba na kuutoa itapasuka msimu mmoja tu, na tairi nyembamba za mbele za kiti zitanasa kwenye nyufa. Mbadala ukaguliwe Aprili mvua ikinyesha. Februari kila njia ni nzuri.

Karatasi Kwanza
Vipimo sawa, lakini kwanza jueni ardhi ni ya nani, kwa sababu njia ya kupigana inategemea hapo. Tafuteni namba ya kiwanja (L.R.), fanyeni sachi Ardhisasa (mtandao wa serikali wa rekodi za ardhi), na ramani ya upimaji mkaichukue Survey of Kenya pale Ruaraka. Kampeni nyingi hupiga kelele mlango usio wake.

Kama ni msitu wa umma uliotangazwa kwenye Gazeti Rasmi, mna ngao nzito. Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Misitu ya 2016, kifungu cha 34, inataka ombi la kubadilisha mpaka lipite Bungeni, na kabla halijafika huko liwe limefanyiwa tathmini ya mazingira na mashauriano na umma. Kinachoangaliwa si vyanzo vya maji na viumbe adimu peke yake. Matumizi ya msitu kwa elimu, burudani na afya yamo pia. Hapo ndipo mnapoingia nyinyi, na ndipo watu hawaingii: wanaandika kurasa sita za miti na ndege, hawamtaji hata mtu mmoja anayekwenda pale kupumua.

Kama ni bustani ya kaunti, mlango ni kaunti, maana Katiba imezipa kaunti bustani na sehemu za burudani. Na kama ni ardhi ya umma iliyokodishwa kwa taasisi, angalieni mkataba umebakiza miaka mingapi. Mkataba ukikaribia kuisha ndipo wanyemeleaji huamka, kwa hiyo andikieni Tume ya Ardhi ya Kitaifa mapema.

Siku za kuhesabu. Tangazo la kubadilisha matumizi ya ardhi: pingamizi ndani ya siku 14. Tangazo la NEMA (mamlaka ya kitaifa ya mazingira) la tathmini ya mazingira: maoni kwa kawaida siku 30. Leseni ya NEMA ikishatolewa: rufaa kwenye Baraza la Kitaifa la Mazingira (National Environment Tribunal) ndani ya siku 60. Msisubiri mtu awaambie. Teueni mmoja wa kusoma Gazeti Rasmi kila Ijumaa, na mwingine wa kupita langoni kuangalia kama kuna ubao mpya uliofichwa nyuma ya michongoma.

Mkinyimwa karatasi, tumieni Sheria ya Kupata Habari ya 2016. Barua inaweza kuandikwa kwa Kiswahili, na ofisi ina siku 21 za kujibu. Ikinyamaza, pelekeni kwa Ombudsman, yaani Tume ya Haki ya Utawala. Ombeni vitu kwa majina yake: "nakala ya leseni", "kumbukumbu za kikao cha tarehe fulani". Ukiandika "habari zote kuhusu msitu" utajibiwa barua ndefu isiyo na kitu ndani.

Kijana wa South B
Sasa si rahisi tu kukusanya saini elfu kumi mtandaoni halafu tuzipeleke bunge la kaunti?

Karatasi Kwanza
Ndugu yangu, saini za mtandaoni ni za magazeti. Ombi rasmi lina masharti yake. Kwa Bunge la Kitaifa na Seneti kuna sheria ya 2012: liwe kwa Kiswahili au Kiingereza, lugha ya heshima, bila kufutafuta, mada ionekane kwenye kila karatasi, lieleze mmeshajaribu wapi na kama kuna kesi mahakamani, limalizie kwa kusema wazi mnaomba nini. Kila mtu aandike jina, anwani na namba ya kitambulisho, kisha saini au dole gumba, moja kwa moja kwenye karatasi. Saini za kubandika zinakataliwa. Kwa kaunti pia fuateni hivyo na hamtakosea. Bebeni kidau cha wino, maana wapo wasioweza kushika kalamu. Waombaji wa kwanza kwenye orodha wawe wenye ulemavu wenyewe, siyo wafadhili wao.

Mkalimani Nbi
Niongeze kuhusu vikao vya kushirikisha umma. Vikao hivi vinaweza kuitishwa ghorofa ya pili bila lifti, au taarifa ikatolewa kwa kipaza sauti cha gari peke yake, kana kwamba viziwi hawaishi mtaa huo. Msisusie. Nendeni, andikeni pingamizi palepale, mtaje Ibara ya 54 ya Katiba (kufikia mahali pote na habari, na kutumia lugha ya ishara), dai liingizwe kwenye kumbukumbu za kikao, na nakala yenu igongwe muhuri wa kupokelewa. Aliyesusia haonekani kwenye kumbukumbu. Aliyeachwa chini ya ngazi na barua yenye muhuri mkononi, ana kesi.

Mkiitisha chenu wenyewe: kikao kikipita saa moja, wakalimani wawili, wapokezane kila dakika 20 au 30, kwa sababu mikono na akili vikichoka tafsiri inaanza kuruka maneno. Mkalimani asimame kwenye mwanga, kando ya msemaji, dirisha lisiwe nyuma yake. Hati za wasioona zitumwe kama maandishi halisi, si picha ya karatasi iliyoskaniwa, maana programu ya kusoma skrini haioni kitu pale. Wenye uoni hafifu, herufi za ukubwa wa 18. Breli iagizwe mapema. Ukurasa mmoja wa kawaida huzaa mbili au tatu.

Daftari
Hoja nyingine inayoua kampeni ni "pale hapatumiki". Jibu ni daftari langoni: tarehe, saa ya kuingia na kutoka, idadi ya watu, na kifaa (kiti, magongo, fimbo nyeupe, msaidizi). Basi. Msiandike jina la ugonjwa wa mtu. Hiyo ni taarifa nyeti chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na ya mtoto inahitaji idhini ya mzazi. Kwa wenye usonji ongezeni saa za utulivu, muonyeshe ni lini hapana jenereta wala spika. Jumba likijengwa jirani, utulivu huo ndio wa kwanza kufa hata kama hakuna mti uliokatwa.

Milimani
Kuhusu mahakama, nieleze panapoharibika. Kikundi kinakasirishwa na leseni ya NEMA, kinakimbilia Mahakama ya Mazingira na Ardhi, miezi inapita, jaji anasema mngeanza kwenye Baraza. Kufika huko siku 60 zimekwisha. Kama ugomvi ni leseni, anzeni Baraza. Kama ni ardhi ya umma kunyakuliwa au haki za Katiba kuvunjwa, hapo ndipo mahakama.

Ibara ya 70 inakuruhusu kwenda mahakamani kwa ajili ya mazingira bila kuthibitisha kwamba wewe binafsi umeumia. Ibara ya 22 inasema kesi ya haki hailipiwi ada ya kuifungua. Gharama nyingine zipo: wakili, viapo, nakala. Harambee ifanywe kabla, si baada.

Picha: ile iliyotoka kwenye kikundi cha WhatsApp na haijulikani nani aliipiga itapingwa mara moja. Sheria ya Ushahidi, kifungu cha 106B, inataka cheti kinachoeleza picha ilitoka kwenye kifaa gani na ilichapishwaje. Kwa hiyo mpigaji awe mmoja au wawili wanaojulikana, simu ileile, na tepu ionekane ndani ya picha. Hati ya kiapo ya mtu asiyeona iandikwe chini, na kamishna wa viapo, kwamba alisomewa na akaelewa. Likikosekana hilo, upande wa pili una jambo la kushika.

Mzee wa Uhuru Park
Kwa wanaouliza kama haya huzaa matunda: mwaka 1989 lilipangwa jumba la ghorofa 60 ndani ya Uhuru Park. Wangari Maathai, mwanaharakati wa mazingira, hakuishia kupiga kelele. Aliandika barua kwa ofisi moja baada ya nyingine na kwa waliotarajiwa kutoa pesa, mpaka wakajiondoa. Karura ikafuata 1998 na 1999, hiyo ilikuwa na damu. Fuateni mwenye pesa. Barua moja kwa benki inayokopesha, ikiambatana na mchoro wa Fundi na nakala ya ombi lenu, inasomwa na mtu anayeogopa hasara.

Jirani wa Msitu
Asanteni wakuu. Na maandamano je, ruhusa inaombwa wapi?

Karatasi Kwanza
Si ruhusa, ni taarifa. Kwa mkuu wa kituo cha polisi, siku zisizopungua 3 wala kuzidi 14 kabla, na iwe kati ya saa kumi na mbili asubuhi na saa kumi na mbili jioni. Taja mwandalizi, anwani, tarehe, saa na njia mtakayopita. Hiyo njia itembeeni kwanza na kiti, mkitazama kingo za barabara na mifuniko ya mitaro iliyoibwa, na muandike kwenye barua kwamba mwendo utakuwa wa polepole, ili trafiki wasije wakawaharakisha katikati ya makutano.