GRE: vifungu vifupi vya sayansi mnavisomaje?

Wandugu niko Kampala najiandaa na GRE, ule mtihani wa kuombea masomo ya uzamili, vifungu vya sayansi vinanimaliza, nikifika mwisho nimeshasahau mwanzo. Mnafanyaje?

Jibu: Usikariri majina ya bakteria bana, tafuta mwandishi anadai nini na ushahidi wake uko wapi. Tuseme vyandarua viligawiwa Gulu, malaria ikapungua, kwa hiyo eti vyandarua ndo vimeleta nafuu, sasa jiulize, je kama mwaka huo mvua ilikuwa kidogo mbu wakapungua wenyewe? Swali likikutaka udhoofishe hoja, jibu lake hukaa hapo hapo.

Jibu: Kweli. Ila ile insha ya kuchambua hoja waliiondoa 2023, usipoteze muda na vitabu vya zamani. Maswali ya hoja bado yapo sehemu ya lugha, yenye vipande viwili: cha kwanza jumla maswali 12 kwa dakika 18, cha pili 15 kwa dakika 23.

Muulizaji: Duh, dakika 18! Asanteni.