Naomba ushauri: mwalimu wa lugha afunguke kiasi gani mbele ya wanafunzi wake?

MwalimuWaJioni
Wakuu, habari za kazi. Nafundisha Kifaransa darasa la jioni, watu wazima 14, wengi wanakuja moja kwa moja kutoka kazini. Wiki sita za mwanzo nilikuwa kama naongea peke yangu. Ukiuliza swali, macho yote kwenye daftari. Wanaojibu ni wawili, kila siku wale wale.

Siku moja tulikuwa kwenye msamiati wa mezani, nikajikuta nawasimulia yaliyonikuta nikiwa mwanafunzi. Nilialikwa chakula kwa Wafaransa, nikakaribishwa kuongeza, nikajibu kwa kujiamini kabisa: "Je suis pleine." Nilidhani nimesema nimeshiba. Meza nzima ikanyamaza, halafu mama mwenye nyumba akanieleza taratibu kwamba neno hilo husemwa kwa ng'ombe mwenye mimba. Darasa lilicheka mpaka watu wakafuta machozi. Kicheko hakijaisha, mama mmoja wa kiti cha nyuma, ambaye sikuwahi kuisikia sauti yake, akanyoosha mkono na kusema sentensi nzima kwa Kifaransa. Ilikuwa na makosa matatu. Sikumsahihisha hata moja.

Basi nikanogewa. Wiki iliyofuata mada ilikuwa familia, nikaonyesha picha ya marehemu baba yangu. Nikaeleza alivyougua, sauti ikanikatika. Watu wakainama. Kijana aliyetakiwa kueleza familia yake baada yangu aliomba kutoka, hakurudi. Tangu siku hiyo wanaongea nami kwa sauti ya chini, kama wamekuja kunijulia hali. Je, nirudi kwenye kitabu tu, au kuna kipimo?

ChakiNyeupe
Pole sana kwa kufiwa, mwalimu. Ila mimi nasema rudi kwenye kitabu. Wamelipa ada wafundishwe lugha. Ukishaufuta mpaka, kuuchora upya ni kazi.

BiSarufi
ChakiNyeupe, kwa heshima zote, hapo sikubaliani nawe. Somo la lugha si kama masomo mengine. Mtu mzima mwenye kazi yake na heshima zake akifungua mdomo kwa lugha ngeni anasikika kama mtoto wa miaka mitatu, tena mbele za watu. Hofu hiyo inafahamika: mtafiti wa ujifunzaji wa lugha Elaine Horwitz na wenzake walitengeneza dodoso la kuipima mwaka 1986, lenye kauli 33. Nayo Stephen Krashen, mtaalamu wa ujifunzaji wa lugha, aliieleza kama kichujio: mwanafunzi akiwa na wasiwasi, hata somo zuri haliingii. Hadithi ya ng'ombe ilimwonyesha yule mama kwamba hata mwalimu aliaibika na maisha yakaendelea. Kitabu hakiwezi kumpa hilo.

Sasa, dada yangu, weka hadithi zako mbili kando kwa kando. Ya kwanza ilishapoa, inahusu lugha yenyewe, na kila mtu anayo ya kwake inayofanana nayo. Ya pili bado kidonda. Mwanafunzi angekujibu nini zaidi ya "pole"? Na hata hiyo "pole" huenda haijui kwa Kifaransa! Mimi kabla ya kusimulia hujiuliza: mtu akishanisikiliza, ataweza kuchangia la kwake, au atalazimika kunifariji? Kama ni kunifariji, nampelekea rafiki yangu, siyo darasa.

Halafu mada ya familia ni ya kuogopa. Humo kuna yatima, kuna aliyeachika jana, kuna asiyezungumza na ndugu zake. Mimi nagawa vikaratasi, kila mtu anachagua: familia yako halisi au ya kubuni, na hakuna atakayeuliza ni ipi. Sarufi ni ile ile. Hapo ndipo utasikia watu wana mjomba rubani na shangazi mwenye paka kumi na wawili.

MzeeWaInsha
Naongezea moja. Padri Charles Curran, aliyekuwa pia mwanasaikolojia, alikuwa na njia ya kufundisha ambapo wanafunzi wanakaa duara na mwalimu anasimama nyuma yao. Mwanafunzi anasema analotaka kwa lugha yake, mwalimu anamnong'oneza kwa lugha ngeni, naye anairudia kwa wenzake. Mwishoni wote wanaeleza walivyojisikia, mwalimu anasikiliza bila kujitetea. Mwalimu, uwazi wako mpaka sasa ni wa kusema. Jaribu na wa kusikiliza. Dakika tano za mwisho waulize leo ni wapi walikwama, kisha unyamaze.

MwalimuWaJioni
Asanteni sana, hata wewe ChakiNyeupe. BiSarufi, lile la "kunifariji" limenichoma, kwa sababu ni kweli. Nilikuwa na haja ya kumzungumzia baba, nikalitumia darasa. Swali la mwisho: yule kijana nimuulize kwa nini aliondoka?

BiSarufi
Usimuulize. Mpe njia ya kurudi tu.

MwalimuWaJioni
Nimemwandikia hivi: "Zoezi la familia unaweza kulifanya kwa familia ya kubuni. Na siku ile nilizungumza mengi kuliko somo lilivyohitaji, samahani." Amejibu sasa hivi: "Sawa mwalimu. Alhamisi nakuja. Naruhusiwa kuwa na dada mapacha?"