Mnaofundisha watu kuziba tenki la petroli kwa gundi na solda mtaua mtu

Wakuu mnivumilie leo, sina lugha nzuri. Siku ya tisa hii gari limepaki halitembei, tenki limelala nje uani mdomo wazi, na yote haya ni kwa sababu nilimwamini jamaa kwenye video anayeziba ufa wa tenki la plastiki kwa dakika kumi na mbili, muziki unalia, mwisho anagonga kiraka kwa kidole anasema gumu kama jiwe hili.

Ilianza na harufu tu. Siyo kali, ile ya kukufanya umuulize mwenzio we husikii kitu? Nikaingia chini ya gari na tochi (tochi jamani, sio kibiriti, nawajua wengine humu) nikaona tenki lote lina vumbi isipokuwa mstari mmoja uliooshwa ukawa msafi kabisa, umeshuka kutoka kwenye kona pale mkanda wa chuma unapolibana tenki, na mwisho wa mstari kuna tone limening'inia. Linadondoka, linajikusanya upya. Ufa wenyewe haufiki hata ukucha wa kidole cha mwisho. Ule mpira unaokaa kati ya mkanda na tenki ulishakufa siku nyingi, chuma kikawa kinasugua plastiki kila shimo la barabara. Hiyo nakubali ni uzembe wangu, sikuwahi kuangalia huko.

Basi nikafuata video neno kwa neno. Msasa, spiriti, gundi ya epoksi ya mirija miwili unayochanganya, nikasubiri saa 24. Wiki ya pili harufu imerudi, nikaingia tena chini, nikagusa kiraka kwa ukucha kikatoka KIZIMA. Nikakigeuza, upande wa ndani unang'aa, ile mikwaruzo ya msasa imejichora pale kama muhuri. Maana yake gundi ilitulia juu ya tenki vizuri sana, ila haikushika hata nukta moja.

Na ndipo nikaenda kusoma nikagundua kumbe hili wala sio siri! Tenki hizi ni polietilini, pembeni kabisa kuna alama ya PE-HD kama hamjawahi kuiangalia. Plastiki hii gundi haiipendi. Chupa nyingi za supagluu zenyewe ni polietilini hiyo hiyo, sasa we unategemea kitu kilichokaa humo miezi bila kushika chupa kije kishike tenki lako? Silikoni ndio usiseme, petroli inaivimbisha inakuwa kama jeli. Yule jamaa wa video anajua haya au hajui? Kama anajua ni mbaya, kama hajui ni mbaya zaidi.

Ila gundi yenyewe angalau haiwashi moto. Kilichonitoa povu ni solda, ile ya umeme yenye ncha ya moto ya kuyeyushia.

Nikamwita fundi, kijana tu, mpole, anasifiwa. Kaja na solda yake na vipande vya plastiki vya kuyeyushia. Tenki tumelimwaga asubuhi ile ile, kalisuuza na sabuni ya unga mara moja, huyo anatafuta soketi ya umeme. Nikamwambia subiri kwanza, akacheka, "bro tenki tupu haliwaki, petroli si tumemwaga yote?" Na hakuongea kwa ubaya, ndivyo alivyofundishwa, na aliyemfundisha ndivyo alivyofundishwa.

Sasa sikilizeni. Petroli ya maji maji haiwaki, kinachowaka ni mvuke wake, na unawaka ukiwa kati ya asilimia 1.4 na 7.6 hivi ndani ya hewa. Tenki lenye mafuta, mvuke umejaa humo hewa haitoshi. Ukilimwaga ukaliacha wazi, hewa inaingia kidogo kidogo, mchanganyiko unashuka, unashuka, mpaka unafika pale pale pabaya. Yani hilo tupu ndio bomu lenyewe! Na plastiki hii inayeyuka kwenye nyuzi 130 hivi, ncha ya solda inapita 300, wakati mvuke wa petroli unaweza kujiwasha wenyewe bila cheche yoyote kuanzia kati ya 250 na 280. Fundi anaichomeka ncha hiyo kwenye ukuta wa tenki, tena kwenye ufa, kichwa chake kiko juu yake.

Mtasema lioshwe vizuri. Nimeliosha. Mara tatu, maji moto na sabuni, likakaa juani siku mbili, unatia pua hamna kitu. Nikafunga mfuniko nikalala. Asubuhi nafungua, harufu ikanipiga hadi machozi. Plastiki imeinywa petroli kwa miaka, inaitapika taratibu. Sasa mwenye kusema "osha kisha choma" aniambie ameosha siku ngapi.

Na wale wa jaza maji ndo uchome, tenki sio ndoo bana, lina mabonde na vilima kukwepa mhimili wa gari, hewa inajificha kwenye vilima humo na mvuke wake. Alafu maji yenyewe yanapoza plastiki, unapata kiraka kilichoganda juu juu tu. Bado hujagusa kwamba tenki nyingi za kisasa zina tabaka hadi sita, katikati kuna utando mwembamba wa kuzuia mvuke usipenye, we unayeyusha la nje unasema nimeziba.

Wazee walikuwa wanasugua sabuni ya mche kwenye ufa, na hiyo siipingi, petroli haiyeyushi sabuni na hakuna anayewasha kitu. Inakusaidia usimwage njia nzima wakati unatafuta tenki lingine, mafuta yakiwa chini ya usawa wa ufa. Kulishusha tenki unaweza mwenyewe ukiwa na msaidizi: nje kwenye upepo, nyaya ya hasi ya betri imetolewa, hakuna taa ya balbu ya kuburuta chini ya gari, hakuna jiko linalowaka karibu, maana mvuke huu ni mzito kuliko hewa, unatambaa chini kama nyoka hadi ukute moto. Nje ya hapo ni kubadilisha. Lililotumika lisilo na ufa linatosha, na mpira wa mkanda uwe mpya, na ule mpira wa duara unaoziba mdomo wa pampu ya mafuta juu ya tenki usirudishe wa zamani.

Kijana nimemlipa nauli akaondoka amenuna, ananiona mwoga.

Na we wa video, najua unapita humu. Lile tenki ulilogonga kwa kidole lilikuwa na mafuta siku ile, au lilikuwa jipya kavu? Na leo liko wapi? Lionyeshe.